Aliyewauzia Wafiwa Wali

Mwaka tisini na tatu, ukiteremka Tegeta na njaa yako, usingehangaika kuchagua. Pa kula palikuwa mahali pamoja tu. Ungeuliza, na mtu angekuelekeza kwa kidevu: pita mikorosho ile, pita msingi wa nyumba ya yule bwana wa bandarini, unaota majani mwaka wa tatu sasa, utaona banda la makuti lenye mabenchi mawili. Hapo ndipo kwa Mama Lugano. Wali maharage, ugali dagaa, na Jumamosi samaki wa nazi. Mtaa ulikuwa kimya, viwanja vingi kuliko nyumba, na mafundi waliokuwa wakijenga walikula hapo kila mchana.

Jina lake hasa ni Tupokigwe, Mnyakyusa wa Tukuyu. Lugano ni binti yake, aliyekuwa kwa bibi yake huko huko milimani. Tupokigwe aliingia Tegeta mwaka themanini na sita na mumewe Isack, mtia rangi vitambaa kiwandani. Kisha kiwanda kikapunguza watu, na Isack akarudi nyumbani na barua moja na kifua kibovu. Wakubwa walisema ndiyo mageuzi, sasa kila kitu ruksa. Kuuza kweli ilikuwa ruksa. Kununua ilibidi uwe nacho. Tupokigwe akasimamisha banda, na banda likawa ndilo mshahara.

Aliyemfundisha kazi ni jirani wa mbele, Mwajabu, mwenyeji wa pale tangu Tegeta ikiwa mashamba matupu. "Mnyakyusa na nazi wapi na wapi!" alikuwa akimcheka, huku akimwonyesha tui la kwanza na tui la pili. Watoto wa Mwajabu walimwita Tupokigwe mama mkubwa. Miaka saba walikopeshana chumvi na kusukana nywele, wala hapakuwa na neno.

Sasa, uswahilini kuna jambo ambalo halijaandikwa popote na kila mtu analijua. Mtaa ukifiwa, hakuna anayeuza chakula. Masufuria yote yanahamia msibani, na mwenye mkono mzuri wa kupika ndiye anayetangulia. Tupokigwe alilijua hilo. Misiba mitatu alikwisha kubeba sufuria lake kubwa kichwani na kwenda nalo.

Jumatano moja, saa nne asubuhi, kilio kikapigwa nyumbani kwa Mwajabu. Mama yake, Bi Hija, amefariki. Wakati huo sufuria la wali lilikuwa limeshapaliwa makaa juu, na maharage yanatokota. Na ndani, kitandani, Isack alikuwa akikohoa. Daktari alimwandikia sindano kumi, akaonya zisikatizwe. Ukikatiza unaanza upya. Alishachomwa sita. Hospitali, ambayo zamani ilikuwa bure, sasa ilitaka mgonjwa achangie na dawa ajinunulie. Sindano ya saba ilikuwa ndani ya sufuria lile.

Nitauza upesi, akajiambia. Mafundi wakishakula nafunga, nachukua sufuria, nakwenda.

Ilipogonga saa sita wakaja wanaume watatu. Wa mbele alikuwa Shomari, mtoto wa kiume wa marehemu, seremala wa Keko. Macho mekundu, kofia mkononi.

"Mama, shikamoo. Chakula kipo?" akauliza kwa sauti ndogo. "Hawa wenzangu tumekesha nao kwa mgonjwa, tangu jana hawajatia kitu tumboni. Na kule nyumbani hata maji hayajabandikwa, naona haya kusema njaa."

"Marahaba, baba. Kipo. Pole sana."

Aliwapakulia, sahani tatu, akajaza. Walikula wameinama, upesi, kama watu wanaoiba. Walipomaliza Shomari akasimama, akatia mkono mfukoni, akauacha humo kwanza.

"Shilingi ngapi, mama?"

Usimwone Tupokigwe mchoyo. Maneno alikuwa nayo mdomoni: acha, baba, msiba ni wetu sote. Alikuwa ameshafungua kinywa ayaseme. Isack akakohoa mle ndani, kikohozi kile kirefu kisichofika mwisho, na Tupokigwe akataja bei. Shomari akalipa, akasema ahsante, akaenda kumzika mama yake.

Sindano ilinunuliwa. Tupokigwe alifika msibani saa tisa na nusu, jeneza linakaribia kutoka. Wanawake wakasogea pembeni kumpa nafasi mkekani. Walisogea mno, nafasi waliyomwachia ingetosha watu watatu. Hapo akajua kwamba habari imeshamtangulia. "Kawauzia wafiwa wali." Neno lilikuwa hilo tu, na lilitosha.

Hakuna aliyemtukana. Laiti wangemtukana! Salamu alipewa, tena ndefu, habari za asubuhi, habari za mgonjwa. Ila kula, hawakula. Mafundi wengi walikuwa vijana wa palepale, na mama zao wakaanza kuwafungia chakula kutoka nyumbani. Tupokigwe alipika kilo tatu akamwaga mbili. Akapika kilo moja. Akapika nusu, akakaa nayo mpaka jioni akiwapungia wapita njia mkono, mwanamke mzima, kama anaita teksi. Akajaribu kujitwika chakula hadi geti la kiwanda cha saruji; wanawake waliokuwa na zamu yao pale wakamwambia, dada, hapa pana wenyewe.

Akaenda kwa Mwajabu na ile hela ya sahani tatu.

"Nimekuja kuirudisha, shoga yangu. Nilikosa. Mume wangu alikuwa..."

"Hela ya nini tena?" Mwajabu akasema kwa upole. "Kaka alikula, kalipa. Si biashara? Wala usijisumbue."

Akarudi nayo. Sindano ya nane ilipatikana kwa kuuza redio. Ya tisa haikupatikana. Isack alikonda hadi pete ikawa inamvuka kidoleni, na Tupokigwe alianza kufanya jambo ambalo hakulifanya tangu azaliwe, kusimama katikati ya uwanja mchana kweupe bila kujua alikuwa akienda wapi. Alikuwa na hofu, na hofu hiyo haikuwa ya njaa peke yake. Mtu wake alikuwa anakwisha, na mtaa usiokula kwako hauji kukuzikia.

Isack ndiye aliyekumbuka arobaini ya Bi Hija.

"Nenda," akamwambia. "Shughuli ya msiba haingojewi mwaliko. Ukifika usikae. Shika kazi. Wakikuachia kisu tu, yameisha. Mwenye kisu ni mwenyeji."

Tupokigwe alijua mumewe kasema kweli. Usiku wa kuamkia siku hiyo hakulala vizuri, akadamka, akafunga khanga mbili, akachota mchele wa Kyela waliokuwa wakiuweka kwa ajili ya mgonjwa, wote, akaenda. Uwanja wa Mwajabu ulikuwa umejaa. Wanawake walikuwa wamekaa mkekani wakiimenya milima ya vitunguu, wanataniana, wanapenga kamasi.

"Hodi wenyewe!"

"Karibuu!"

Mchele ukapokewa kwa mikono miwili. "Umejisumbua, jamani. Ahsante sana." Tupokigwe hakungoja. Akachuchumaa kati ya wenzake, akanyoosha mkono kwenye beseni, akashika kisu.

Mkono wa Mwajabu ukaja juu ya wake. Haukumnyang'anya, ulikitoa kisu taratibu, kama unavyomwondolea mtoto kitu chenye ncha.

"Aa, dada, hapana. Utachafua khanga zako. Nusaiba! Mletee mgeni kiti."

Nusaiba, binti yake, akaleta kiti. Wanawake wote chini, Tupokigwe peke yake juu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tupokigwe alikuwa na miaka saba Tegeta.

"Mwajabu," akasema. "Nipe hata vyombo nioshe. Nipe niteke maji. Nakuomba, shoga yangu. Nakuomba mbele za watu."

Mwajabu akamtazama, akamweka khanga sawa begani. Kisha akatabasamu.

"Mgeni hafanyi kazi, dada. Tutaonekanaje?"

Pilau lilipoiva, wenzake walizunguka masinia, watano watano, mikono inagongana. Yeye aliletewa sahani yake, na kijiko, nyama nne zimepangwa juu, na soda iliyofunguliwa. Alikula. Alitamani nyama mbili azifunge kwenye upindo ampelekee Isack, lakini bakuli la kuwapelekea walio nyumbani huomba mwenyeji. Mgeni hula akaaga. Akamaliza yote huku watu wakimtazama kwa heshima kubwa. Nusaiba akamnawisha mikono, akapokea taulo, akasema, "Karibu tena, mgeni wetu." Mtoto aliyempakata akiwa na siku saba.

Nyumbani alimkuta Isack amejiinua, kaegemea ukuta, amesubiri tangu asubuhi.

"Wamekupa kazi gani?"

Tupokigwe akavua khanga ya juu, akaikunja polepole.

"Vitunguu," akasema. "Wamenipa vitunguu."

"Naona. Macho yote mekundu." Isack akacheka, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, mpaka kikohozi kikamkatiza. Kilipotulia akamshika mkono. "Si nilikwambia? Basi kesho watakuja. Kesho bandika lile sufuria kubwa."

"Nitabandika," akasema, na akatoka nje kwenda kulisugua.