Kopo Alilozikwa Nalo Romana

Dada yangu Romana alikuwa fundi simu hapa mtaani Makanyagio. Kila Jumamosi alifunga kibanda mapema akaenda sekondari kulea klabu ya sayansi. Ulikuja mpango wa kutafuta watu wenye ufundi wao mjini ili wawe walezi wa wanafunzi, naye akaukubali kwa moyo wote, kama mtu aliyeitwa na Mungu.

Mwaka huu wanafunzi wake walitengeneza kipimo cha ukavu wa mahindi. Kilikuwa kopo la maziwa ya unga, lenye misumari miwili ndani, waya, betri na taa ndogo. Ukijaza mahindi yenye unyevu, taa inawaka. Yakikauka vizuri, haiwaki. Walikuja kukijaribu kwa mahindi ya Mama, maana Mama, kama wakulima wengi wa Mpimbwe tulikotoka, hupima kwa kuuma punje. Ikilia ka! inaingia guniani.

"Meno yangu hayali betri," Mama aliwatania.

"Yatang'oka, Mama," Romana akamjibu. "Betri zipo dukani."

"Utaanza kung'oka wewe!"

Tulicheka sana siku ile.

Romana akabaki na kopo ili akaze waya uliolegea, kwa kuwa mashindano ya shule yalikuwa yamekaribia. Wiki ileile akashikwa na homa. Hakuinuka tena.

Kabla jeneza halijafungwa, Mama alimwekea rozari yake, kisha lile kopo.

"Alikuwa haliachi mkononi," alisema. "Mwanangu asiende mikono mitupu."

Nani angembishia mama aliyefiwa?

Matanga yalipokwisha, walikuja wanafunzi wawili, Dorice na Edgar, wamevaa sare. Waliamkia, wakakaa mkekani. Dorice, aliye kidato cha nne, ndiye aliyeanza.

"Bibi, pole tena. Tumefuata kipimo chetu. Mashindano ni keshokutwa."

"Kipimo gani, mjukuu wangu?"

"Lile kopo. Dada Romana alisema atatukazia waya."

Mama alinitazama. "Nimemzika nalo," alisema. Akainuka, akachukua jembe nyuma ya mlango, akashika njia ya makaburini bila viatu. Edgar alimkimbilia akamshika mkono.

"Hapana, bibi. Mwache alale nalo."

"Si lake! Nimewadhulumu watoto wa watu!"

Dorice alilivuta jembe taratibu, akaliweka chini. Kisha yeye mwenyewe akakaa palepale njiani, akalia hadi sare ikajaa vumbi. Hakuuliza tena habari za mashindano.

Hawakwenda; siku mbili hazikutosha kutengeneza kingine na kukijaribu. Wengine watapata mwaka mwingine, lakini Dorice anamaliza shule.

Mama ameosha kopo jingine la maziwa, ameliweka kwenye dirisha la Romana, na misumari miwili ndani. Jumamosi hukaa barazani akiangalia njia ya shule. Nimemwambia watoto wana mitihani. Anaitikia kwa kichwa, na haondoki.

Jioni tunasali pamoja. Mimi ndiye ninayeongoza sasa, kazi iliyokuwa ya Romana. Katika Nasadiki, tukifika kwenye ufufuko wa miili, Mama hunyamaza, namalizia peke yangu. Juzi nilimuuliza kama ameacha kusadiki.

"Nasadiki," alisema. "Ndiyo maana naogopa. Siku hiyo atainuka na lile kopo, akiwatafuta wenyewe."