Kijiji Ndani ya Ukungu

Bibi niliyekuwa nikimtunza mtaa wa Jumeirah Village Circle alikuwa Mtlingiti, kabila la watu wa pwani ya Alaska, huko kwenye barafu. Mwanawe alimleta Dubai alipofiwa na mume, maana akili ilishaanza kumtoka. Siku nyingine hata huyo mwanawe hamjui. Kijiji chake hakukisahau.

Alinieleza kila siku, nami ni mtu wa kisiwa cha Pate, habari za maji hazinipiti. Nyumba ziko mstari mmoja, milango yote yaelekea baharini. Nyuma msitu, kisha mlima. Mbele kuna kisiwa kidogo cha makaburi, ndiko alikolala mumewe. Ukienda huko unapita mkondo mwembamba baina ya majabali mawili, na upite maji yakiwa yamesimama. Yakianza kupwa, yanakuzungusha. Na ukisikia mtu wa kwenu anakuita majini, usiitike wala usimfuate. Hao ni watu wa fisi-maji, yule mnyama wa manyoya akaaye majini; huiga sauti za jamaa wakuchukue. Sikucheka. Kwetu pia, ukiitwa wakati wa magharibi na usiyemwona, huitiki.

Asubuhi moja ya baridi ukungu ulishuka, maghorofa yakabaki vichwa tu, kama visiwa. Bibi akasimama dirishani, akasema maji yamejaa. Nikaenda kuinjika chai. Niliporudi mlango u wazi, na viatu vyake vipo.

Nikashuka mbio. Magari nayasikia, siyaoni, na barabara kubwa iko hapo hapo. Nikamwita. Nikamwita tena. Nikasikia miguu mitupu inakimbia, inakwenda mbali nami. Ndipo nikauona ujinga wangu: kanifundisha mwenyewe, nami bado namwita.

Khalas, nikafunga mdomo. Nikafuata njia yake. Maghorofa mawili yaliyokaribiana, hayo ndiyo majabali. Nikapita katikati, nikanyoosha mpaka kwenye bustani ya mviringo, ndiyo kisiwa chake. Nikamkuta kaukumbatia mtende.

Sikumgusa. Nilikaa kando yake. Akaniuliza milango ya kwao yaelekea wapi.

“Baharini, madam. Yote.”

Akanipa mkono.

Tulipokuwa tunarudi akasimama, akaniuliza nilikuwa naita vipi bila kuchoka, maana, kwa kusema kwake, nilimwita mpaka nilipokaa karibu naye. Nikamwambia nilinyamaza mapema. Akanitazama kwa huruma.

“Basi usigeuke,” akasema. “Bado anaita. Sasa anataja jina lako.”

Nikamshika mkono kwa nguvu, tukaenda. Sikuitika.