Maneno ya Tanuri

Mwaka 1946 mwalimu Projestus Karugendo alikuwa akichimba shimo la kupanda mbuni nyuma ya nyumba yake, karibu na Rubya, jembe likagonga kipande cha bomba la udongo kilichoungua mdomoni. Alikitambua. Baba yake alikuwa myeyusha chuma, na mabomba kama hayo ndiyo yaliyopeleka upepo wa viriba vya kuvuvia moto tanurini. Ila jina la bomba hilo kwa lugha ya kwao hakulijua. Baba alimpeleka shule, akafa, na majembe ya dukani yakazima matanuri yote.

Alimwuliza baba yake mdogo. Akawauliza wazee wawili waliotoka misa.

"Bomba," walimjibu, kwa Kiswahili.

Tangu siku hiyo hakutulia. Alifundisha hesabu huku macho yakiwa dirishani. Kila Jumamosi alipanda baiskeli, daftari kifuani, akitafuta mtu yeyote aliyewahi kusimama kando ya tanuri.

"Kahawa inadondoka chini," mkewe Alistidia alimwambia, "nawe unakimbizana na maneno."

"Mwezi huu wamekufa wawili, Alistidia. Wawili!"

Huko Kagoma alimpata mzee Rweyemamu, aliyekuwa mkuu wa wayeyusha chuma. Mzee alimpa majina ya makaa, ya udongo, ya rangi za moto. Lakini maneno yaliyosemwa wakati wa kulijenga tanuri alimnyima.

"Hayo hayaandikwi, mwana wange."

Projestus alirudi mara nne. Mara ya tano alisikia vilio kabla hajafika uani. Akasimama na baiskeli yake kati ya migomba, akijilaumu kwa kuchelewa, kisha akaona aibu kwamba ameyalilia maneno kabla ya kumlilia mtu.

Matanga yalipokwisha, mjane Kokuberwa alimwita jikoni.

"Mwalimu, mume wangu alikuficha nini?"

Akamweleza. Mama huyo alicheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu msiba.

"Wanawake hatukuruhusiwa kulikaribia tanuri. Nilikuwa natua mtungi wa maji kwenye nyasi, wao wanakuja kuuchukua. Miaka ishirini. Unadhani masikio niliyaacha nyumbani?"

"Basi nisaidie, mama."

"Wewe sikuambii. Nikimwambia mwanamume nitakuwa nimemwibia marehemu. Mlete mkeo."

Alistidia alikuwa amesoma kwa masista miaka miwili, kalamu aliijua. Alikwenda kwa kununa. Wanawake wale wawili wakajifungia, na Projestus akabaki nje ya ua akizunguka, akikanyaga majani yale yale, asisikie kitu isipokuwa minong'ono. Jioni mkewe alitoka na kurasa kumi na moja. Ya kwanza ilikuwa na jina la lile bomba.

"Jumamosi tunarudi," Alistidia alisema. "Hajamaliza."

Walirudi mwaka mzima, hadi mama yule alipofariki. Sharti lake lilikuwa moja: daftari la Alistidia lisomwe na wanawake tu.

Mwaka 1953 mtaalamu wa lugha kutoka Ulaya alifika Bukoba, akasikia habari za mwalimu huyo. Projestus alipanda lori, akampelekea nakala za madaftari yake matano.

"Naambiwa liko la sita," mgeni alisema. "Nyumba yako ni ya nyasi. Ikiungua?"

Swali hilo lilimchoma. Alikuwa amejiuliza hivyo hivyo mara nyingi. "Si langu," alijibu, akaondoka haraka kabla moyo haujageuka.

Njia nzima alijuta, akajuta kwamba anajuta. Alipofika nyumbani alimsimulia Alistidia. Kesho yake mkewe alianika kahawa, akawaketisha binti zao, Theopista na Jovita, mmoja kila upande, akaanza kuwasomea daftari lake.

Projestus alijikuta amesimama mlangoni akisikiliza. Mkewe akainua macho, akamwonyesha barabara. Alichukua baiskeli. Kusini, kwa Wazinza, alikuwa ameambiwa yuko mfua chuma mgonjwa.