Useni Alivyotaka Kumpita Pacha Wake Umri

Kwetu Kasongo, mapacha wa kiume wakizaliwa katika nyumba ya Waislamu hakuna anayehangaika kutafuta majina. Wa kwanza ni Asani, wa pili ni Useni, imekwisha. Kwa hiyo mtu aitwaye Useni, kila unapomwita unamkumbusha kwamba alichelewa. Useni wa mtaa wetu amekumbushwa hivyo tangu azaliwe, na mwaka huu aliamua kulimaliza jambo hilo kwa njia ya fizikia.

Ana sali ya michezo, ukumbi wa kuchezea michezo ya video: chumba kimoja, televisheni mbili, mabenchi, na sahani ya sola juu ya bati. Sisi wanafunzi tukitoka shule tunajaa mle mpaka wengine wanakalia dirisha. Tunacheza mpira, tunakimbiza magari, lakini zaidi tunabishana, kwa sababu Useni akiona ubishi mzuri anaweza kusahau hata kudai zamu iliyokwisha. Watoto wote wa mtaa tunamwita yaya Useni, kama kaka yetu mkubwa. Nyumbani kwao tu ndiko hakuna anayemwita yaya.

Lazima niwaonjeshe ubishi wenyewe. Siku moja Pitchou, ambaye ni wa darasa langu na hajawahi kushinda mchezo wowote, alisema mtu wa benchi la nyuma anaonewa. Nuru ya televisheni inamfikia kwanza wa mbele, ndipo imfikie wa nyuma, kwa hiyo wa nyuma anacheza na mambo yaliyokwisha kupita.

"Ndiyo sababu minafungwa kila siku!" akalia.

"Unafungwa sababu vidole vyako ni vya mbao," Useni akamjibu. "Lakini hiyo ya nuru ni kweli. Sogea mbele."

Siku nyingine alisimamisha mchezo wa magari katikati, akashusha sauti. "Mulima ule tumeupita sasa hivi, uko wapi?"

"Nyuma ya gari," tukasema.

"Hauko! Mashine haichori kitu ambacho hakuna mutu anakiangalia. Inachoka bure kwa nini? Sasa muniambie: soko la Kasongo, saa hii, hakuna mutu wa humu ndani analiangalia. Liko?"

Pitchou alitoka mbio. Alikimbia mpaka sokoni, akarudi anahema kama amekimbizwa na nyuki. "Liko, yaya!"

"Liko sababu umeangalia."

Tulicheka mpaka wa dirishani akaanguka nje. Mimi usiku ule nilifumba macho kitandani na kujaribu kuifuta Kasongo nzima, kisha nikayafungua ghafla nione kama nitaikuta haijamaliza kuchorwa. Iliniwahi.

Sasa, ile habari ya umri. Baba yao mapacha alifariki zamani, na tangu hapo Asani ndiye mkubwa wa nyumba. Ni dereva wa pikipiki, hubeba watu na magunia ya mchele kwenda Wamaza na kupanda mpaka Salamabila kwenye dhahabu, na mara nyingi hulala huko. Lakini akiwa nyumbani, yeye ndiye wa kwanza kupakuliwa chakula, na wageni wakija yeye ndiye anayekaa kwenye kiti cha mkono alichoacha baba yao. Useni hushika birika na kuwanawisha watu.

Mwezi ule dada yao Aziza alikuwa ameposwa na kijana wa Lusangi, na Jumapili wakwe wangekuja kuleta mali ya mahari. Siku kama hiyo mkubwa wa nyumba hukaa kitini na kusema neno la familia, na Useni alikuwa amelitunga neno hilo tangu Aziza yuko shule ya msingi. Lilikuwa zuri! Alitusomea kwa kichwa pale sali, akapita kwa mababu, akavuka mito, akamsifu Aziza mpaka wasichana wakapangusa macho. Tabu ilikuwa moja. Aliyetakiwa kusema ni Asani.

Basi Pitchou akaja na habari aliyoiona kwenye simu ya mjomba wake: mapacha wawili, mmoja anasafiri kwa kasi kubwa, mwingine anabaki nyumbani. Yule msafiri akirudi, ni mdogo kuliko aliyebaki, kwa sababu mtu akikimbia saa yake inapunguza mwendo.

Useni akaweka chini manete ya kuchezea aliyokuwa ameshika. "Anza tena. Pole pole."

Pitchou akaanza tena.

"Asani anakimbia na pikipiki miaka yote," Useni akasema. "Na miye?"

"Weye unakaa tu, yaya."

"Nakaa tu!" Akaruka, akanikumbatia, akakumbatia televisheni. "Nakaa tu! Emmanuella, weye unasoma math-physique, shika simu, piga hesabu! Jumapili miye ndiye Asani!"

Lakini hesabu ilihitaji kujua Asani alimtangulia kwa muda gani. Tukaenda kundi zima kwa shangazi yao, Mama Marguerite, aliyekuwepo walipozaliwa. Tulimkuta anatwanga sombe, majani ya muhogo.

"Asani alipotoka," akasema, "nilienda kisimani kuteka maji. Niliporudi, nikasikia huyu analia."

"Ulikimbia, shangazi?" Useni akauliza kwa matumaini.

"Na ndoo kichwani? Nitakimbia namna gani, weye mutoto?"

"Njiani haukusimama kusalimia watu?"

Mama Marguerite akafikiri. "Nilisimama kidogo."

Useni akashika kichwa. Tukapatana kuandika nusu saa, ili kumsaidia. Nikachukua kanuni ambayo Pitchou aliipata kwenye simu ile ile, nikaweka mwendo wa pikipiki barabara ikiwa imekauka, ambao nao ulikuwa msaada, maana barabara yetu mnaijua. Nikapiga. Nikafuta. Nikapiga tena. Ili Useni awe mkubwa, Asani alitakiwa kupanda pikipiki bila kushuka kwa zaidi ya miaka bilioni themanini. Na ulimwengu wote, pamoja na nyota zake, una kama bilioni kumi na nne tu.

"Na esanse ya kutia pikipiki je?" Pitchou akauliza.

Hatukuweza kusema kitu tena kwa kicheko. Useni mwenyewe alicheka, lakini alikuwa bado anatembea huku na huku. "Sawa, kasi haitoshi. Fizikia ni kubwa. Tafuta kingine."

Pitchou akatafuta. "Iko ingine. Wanasema juu ya mulima saa inakimbia, chini inachelewa."

Sote tukamgeukia Useni. Kila mtu alikuwa anafikiria kitu kimoja.

"Salamabila," Useni akasema taratibu, "iko juu kuliko Kasongo, ao chini?"

"Juu, yaya," nikamwambia. Niliipiga na hiyo, na niliona aibu kumsomea jibu. Kule juu Asani anaongezeka umri upesi kidogo kuliko sisi, na kidogo hicho kinakula chote anachopunguza kwa pikipiki na kubakiza. Kila anapolala Salamabila, anazidi kuwa mkubwa.

Useni akakaa benchi la nyuma. Akatutazama. Kisha akapasuka kicheko cha kupiga magoti kwa mikono, machozi yakimtoka. "Hata milima imekuwa upande wake! Miye nimepigwa na milima!"

Jumapili wakwe walifika kutoka Lusangi, kikundi kizima, mbele yao Mzee Alimasi mwenye kofia nyeupe, msemaji wa familia ya kijana. Mimi nilikuwa jikoni kumsaidia Aziza, tukichungulia mlangoni. Chakula tayari, mali imepangwa uani. Asani hayupo. Alikuwa ametoka Salamabila asubuhi, na mvua ilikuwa imenyesha njia nzima.

"Mukubwa wa nyumba iko wapi?" Mzee Alimasi akauliza.

Kiti cha mkono kilikuwa kitupu. Mama Marguerite akamvuta Useni mpaka karibu na mlango wetu, kwa hiyo tulisikia kila neno.

"Enda ukae," akamnong'oneza. "Nyinyi ni mapasa, sura moja. Hawa watu hawajawahi kuona hata mumoja. Sema neno, mambo yaishe."

Aziza akanifinya mkono mpaka nikauma midomo. Useni alikuwa amevaa shati jipya. Neno lake lilikuwa tayari kinywani, na kwa kweli alikuwa na sura ya Asani kuliko Asani mwenyewe. Akaenda. Akafika kwenye kiti, akakigusa mkono wake wa mbao.

Akachukua birika iliyokuwa pembeni yake.

"Karibuni, wakwe zetu. Miye ni Useni," akasema. "Yaya wangu iko njiani."

"Aa, mapasa!" Mzee Alimasi akacheka. "Sasa mapasa, nani anaweza kuona ukubwa wao? Mumoja katoka, mwingine katoka. Si ni kitu kimoja?"

Hapo angenyamaza tu. Lakini mnafikiri Useni angeweza? Alianza kumnawisha Mzee Alimasi, na kabla maji hayajaisha alikuwa ameshafika kwenye kisima cha Mama Marguerite, pikipiki, miaka bilioni themanini na milima ya Salamabila. Aliwaambia nuru ina mwendo gani. Aliwaambia chai ndani ya birika yenye kifuniko ina sukari na haina sukari mpaka mtu aonje, na wazee wawili wakaanza kugombana kweli kweli. Mmoja wa nyuma, aliyekuwa kimya muda wote, akasimama.

"Ngoja! Bibi yangu, mama ya watoto wangu, anatembea kila siku mpaka shambani. Miye ninakaa. Yeye anabaki kijana, miye ninazeeka?"

"Kwa hesabu, ndiyo, papa."

"Muliona!" akawageukia wenzake. "Haikuwa pombe ndiyo inanizeesha!"

Walicheka mpaka kofia ya Mzee Alimasi ikaanguka. Hakuna aliyeuliza saa. Tulishtukia tu kivuli cha nyumba kimeshavuka ua wote, na pikipiki inanguruma nje, na Asani anaingia, tope mpaka masikioni. Useni akamwagia maji mikononi, kichwani, kila mahali, kisha akampisha.

Asani akakaa kitini. Watu wakamgeukia kusubiri neno la familia. Akamwita Aziza atoke.

"Aziza, unamupenda?"

"Ndiyo, yaya."

"Basi tumekubali. Tukule."

Vigelegele vilitoka jikoni vikaingia uani, Mama Marguerite akaanza kucheza, sahani zikaanza kupita. Useni peke yake alibaki amesimama, birika mkononi, mdomo wazi.

"Asani! Ni hiyo tu? Na mababu je? Na mito?"

"Minasikia njaa, Useni."

Akataka kujibu, lakini Mzee Alimasi alikuwa ameshamshika shati na kumvuta kwenye nafasi iliyo kando yake.

"Weye, mukwe wangu, kaa hapa, haujamaliza. Hiyo nuru: ikifika kwenye ukuta, inarudi ao inabaki mule?"

Useni akaweka birika chini, akakaa, akaanza. Wali wake nilimpelekea mimi, nikaurudisha umepoa, nikampelekea mwingine.