Maziwa ya Mwali na Damu ya Kondoo

Miaka ya themanini, kipimo cha homa ya baridi yabisi, ile inayoanzia kooni na kuishia kwenye moyo, kilikuwa mikononi mwangu katika maabara ya hospitali yetu hapa Karagwe. Nilijivuna nacho bila aibu. Unachukua maji ya damu ya mgonjwa, unatia sumu ya bakteria wa koo, halafu seli nyekundu za kondoo. Mgonjwa akiwa na kinga, yaani mwili umeshapigana na bakteria hao, sumu inazimwa na seli zinatulia chini. Asipokuwa nayo, seli zinapasuka na kichupa kizima kinakuwa chekundu.

Akaletwa binti wa wafugaji kutoka upande wa Kamuli, magoti yanamuuma, na harusi iko karibu. Seli zikatulia chini. Daktari akasema ni sindano kila mwezi, kwa miaka. Mama yake akashika kichwa.

"Nani atamchukua mwali mwenye ugonjwa wa moyo?"

Lakini mimi maji yale ya damu yalinitia wasiwasi, yalikuwa meupe kama maziwa.

"Mama, binti amekula nini?"

"Mwali hali, mwanangu, anakunywa. Maziwa na samli tangu alfajiri. Ndivyo tunavyomnenepesha."

Nikaruka! Mafuta nayo huzima sumu ile, na kipimo kikadhani ni kinga. Nikamwomba daktari asubiri, akakubali. Mama ndiye aliyewaka nilipomwambia binti alale kwa maji matupu.

"Mwali wangu alale njaa? Watu wa mume watasema tumefilisika!"

"Usiku mmoja tu, mama. Nakuomba."

Walilala nyumba ya wageni Omurushaka, yeye akimlinda mwanawe na kunisema mimi.

Asubuhi maji ya damu yalikuwa safi, ya njano. Nikarudia kipimo. Seli zikapasuka, vichupa vyote vikawa vyekundu. Nilipiga kelele mpaka muuguzi akaja mbio akidhani nimeungua. Binti hakuwa na ugonjwa ule. Magoti yalichoka tu kubeba uzito mpya.

Tangu hapo hakuna aliyetolewa damu kwa kipimo hicho akiwa ameshiba, na wauguzi wakanitania kwamba nawashindisha watu njaa. Wacha wanitanie.

Siku ya harusi nilikuwa natafuta pa kukaa nyuma, kwa wageni. Mama yule akaja, akanishika mkono, akanipitisha mbele ya watu wa mume na kunikalisha upande wa wazazi.