Pasipoti Ndani ya Kabati la Mkurugenzi

Mimi simpangishi mtu kabla sijamwona anakula. Wenye nyumba wengine wanauliza kazi, wanauliza dini, wanauliza kwenu wapi. Mimi namkaribisha ugali. Akinawa vizuri, akamega tonge la kiasi, akamwachia mwenzake mboga, huyo tutakaa naye uani. Anayewinda nyama kwenye bakuli namwambia chumba kimeshachukuliwa. Nina vyumba vitatu vya uani hapa Mpemba, karibu na Tunduma, na kwa njia hiyo nimekosea mara chache.

Mwalimu alikuja kwangu mwezi wa kwanza, shule zikifunguliwa, ana begi moja na godoro limefungwa kamba. Mzambia, binti wa miaka ishirini na kitu, kwao Nakonde, hapo tu ukishavuka mpaka wa Tunduma. Alikuwa amepata kazi ya kufundisha Kiingereza kwenye shule ya binafsi anayosoma mjukuu wangu. Akala. Ugali aliusema mgumu, maana kwao wanausonga laini kama wa mgonjwa, lakini alimaliza. Nikamsemesha Kinamwanga, akanijibu Kinamwanga, tena kile cha wazee, si hiki cha watoto wa stendi. Nikamuuliza ukoo. Kumbe bibi yake alizaliwa upande wa Chitete, karibu na kwetu kabisa, akaolewa ng'ambo.

Basi kwangu maswali yakaishia hapo. Nikampa ufunguo. Yeye akaanza kuniita bamayo, yaani mama, na mimi nikamwita mwalimu.

Niseme kitu ambacho mtu wa mbali anaweza asikielewe. Sisi Wanamwanga tuko pande zote mbili. Nilipokuwa msichana tulikwenda msiba Zambia kama mtu anavyokwenda kisimani, na hakuna aliyetuuliza karatasi. Hata leo mimi nikitaka sabuni navuka, nanunua, narudi, nawasalimia wale wa getini. Nilisoma mpaka darasa la nne, na katika madarasa hayo manne hakuna aliyenifundisha kwamba mtoto wa ukoo wangu anaweza kuwa mgeni.

Mwalimu alikuwa mtu wa kazi. Alfajiri yuko bombani, saa moja kasoro yuko njiani na mjukuu wangu kamshika mkono. Mtoto huyo alikuwa hajui kusoma hata jina la sabuni. Ilipofika Pasaka alikuwa ananisomea maandishi ya ubavuni mwa malori, nikamwambia anyamaze kwanza nipumue. Nilifurahi, lakini sikumwambia mwalimu. Ukimsifu mtu mapema anaharibika.

Katikati ya mwaka nikaona jambo. Mwanzoni alikuwa anakwenda kwao kila Jumamosi, anarudi Jumapili na karanga za mama yake. Sasa miezi ilipita haendi. Na gari la serikali likipita barabarani, anaingia ndani anafunga mlango. Siku moja anaosha vyombo nikamkabili.

"Mbona huendi kwenu? Mama yako yuko pua na mdomo."

"Nitakwenda, bamayo."

"Lini?"

"Kibali kikitoka."

"Kibali gani hicho cha tangu mwezi wa kwanza? Kinakuja kwa magoti?"

Akacheka, halafu kicheko kikageuka kilio, nikamwacha alie, sufuria nikamaliza mwenyewe. Ndipo akanieleza. Mwenye shule, ambaye pale wanamwita mkurugenzi, alimwahidi kibali cha kazi kabla hajaja. Alipofika akaambiwa aingie kwa muhuri wa mtembezi kwanza, kibali kinashughulikiwa. Mwezi wa tatu mkurugenzi akachukua pasipoti yake na vyeti vyake vya ualimu, eti anavipeleka kwenye maombi. Tangu hapo hajaviona. Muhuri umekwisha muda, hawezi kuvuka kwenda kumwona mama yake, na akikutwa hapa ni mkosaji.

"Wakikurudisha kwenu si ni hapo tu?" nikamwambia.

"Bamayo, wakinirudisha kwa nguvu wanaweza kunipiga marufuku. Hakuna shule ya huku itakayonichukua tena. Na kwetu walimu tumesoma wengi, kazi hakuna."

Nikamwambia asihangaike. Wakija nitasema ni mtoto wa dada yangu. Akatikisa kichwa, "Usiseme hivyo, bamayo." Nikadhani ni adabu tu.

Wakaja kweli. Jumamosi asubuhi, kijana mrefu wa uhamiaji na mwenzake wa kike, wanapita nyumba zenye wapangaji. Mwalimu alikuwa uani anafua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mmekuja kupanga? Vyumba vimejaa."

Yule kijana akacheka. "Hapana bibi, tunakagua wapangaji. Huyu dada ni nani?"

"Mwanangu."

"Wa kumzaa?"

"Wa dada yangu. Mnamwanga kama mimi. Msemeshe uone."

"Kwa hiyo ni Mtanzania."

"Nimekwambia ni Mnamwanga."

"Bibi yangu," akasema, tena kwa upole, "Unamwanga hauna muhuri wala picha. Kama ni Mtanzania naomba kitambulisho. Kama hana, itabidi niandike kwamba amejifanya raia, na hilo ni kosa kubwa kuliko la kukaa bila kibali."

Nilikuwa nimemshika mtoto wa watu ili nimwokoe, kumbe namsukuma shimoni. Mwalimu akanyanyuka, akakausha mikono kwa kanga, akasimama mbele yao.

"Mimi ni Mzambia," akasema. "Nafundisha hapa. Pasipoti yangu anayo mkurugenzi wa shule. Bamayo anasema hivyo kwa kunipenda."

Yule kijana akamtazama, akaandika kwenye daftari lake. "Umesema kweli, nami nimeandika hivyo. Ijumaa uje ofisini na pasipoti yako mkononi, kwa miguu yako mwenyewe. Ukija, tutajua pa kuanzia. Usipokuja, nitakuja na gari." Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe, bibi, usimsaidie tena namna hii."

Mwenzake wa kike akageuza uso acheke pembeni. Sikuwalaumu.

Basi tukawa na siku tano za kuitafuta pasipoti. Jumatatu mwalimu akamwendea mkurugenzi, akaambiwa iko Dodoma. Jumanne akaambiwa iko njiani inarudi. Jumatano akaambiwa iko kabatini, ila ufunguo wa kabati uko kwa mke wa mkurugenzi, na mke yuko Mbeya. Nilipoyasikia hayo nikauliza, hiyo pasipoti imepanda basi gani, mbona inasafiri kuliko mwenye nayo?

Mkurugenzi si mtu wa huku. Ni mtu wa maneno laini, anakuita mama mzazi hata kama hajui jina lako. Mtu wa namna hiyo ukigombana naye anakushinda, maana maneno ndiyo mtaji wake. Kwetu Momba tuna njia nyingine. Mtu akishika kitu chako na hataki kukiachia, unakwenda kukaa mlangoni kwake. Unakaa chini, ardhini. Akileta kiti, unakataa. Akileta chakula, unakataa. Hutukani, huelezi. Kila apitaye anajua kwamba nyumba hiyo ina kitu cha mtu. Mama yangu alikaa hivyo mara moja kwa ajili ya ng'ombe, na ng'ombe akarudi kabla jua halijafika utosini.

Alhamisi nikajifunga kanga mbili, nikachukua ungo na ndoo ya maharage yasiyochambuliwa, kwa sababu mimi siwezi kukaa bure, nikaenda shuleni. Nikakaa chini mlangoni pa ofisi, miguu nimeinyoosha, nikaanza kuchambua.

Karani akaleta kiti. Nikamwambia, "Asante, sikai." Akaleta chai na maandazi. Nikamwambia, "Asante, sili." Mkurugenzi akatoka, akatabasamu kwa meno yote.

"Mama mzazi! Karibu ndani, tuzungumze kama watu wazima."

"Mimi nachambua maharage."

"Hapa mlangoni?"

"Pana mwanga."

Akarudi ndani. Yeye hakujua maana yake, lakini wengine walijua. Akaja mama mmoja wa Ihanda, mkulima wa kahawa, Mnyiha, amemletea mwanawe sare. Akaniona nimekaa chini na kiti kitupu pembeni. Akapunguza sauti. "Mama, humu kuna nini?"

"Kuna kitu cha mtu."

"Cha nani?"

"Cha mwalimu wa Kiingereza. Cha kusafiria."

Hakuuliza tena. Aliweka mzigo wake chini, akakaa karibu nami, akachota konzi ya maharage. Wakafika wengine wawili wenye watoto pale, nao wakakaa. Hakuna aliyepiga kelele. Tuliongea habari za mvua.

Lakini aliyemaliza kazi ni mpishi wa shule. Saa tano alitoka jikoni, mwiko mkononi, akatuona, akapita katikati yetu akaingia ofisini bila kubisha hodi. Mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo tulisikia na kuona vizuri.

"Bosi, yule bibi amekataa kiti."

"Si amekataa mwenyewe? Wewe nenda kapike."

"Sipiki. Mtu akikaa hivyo mlangoni, anayewasha moto humo ndani anashiriki kosa. Uji wa saa nne watoto walishakunywa, lakini wali wa saa saba utaupika wewe."

"Unaniambia mimi hivyo?"

"Nakuambia. Mchele uko kwenye gunia la kushoto."

Halafu tukasikia ufunguo. Haukutoka Mbeya, ulitoka mfukoni mwa suruali yake. Kabati likalia, na mkurugenzi akatoka na bahasha ya mwalimu, pasipoti na vyeti vyote ndani, hata haijafunguliwa. Hayakuwapo maombi Dodoma wala popote.

"Mama mzazi, umeniaibisha mbele ya wazazi."

Nikanyanyuka taratibu, magoti yangu si ya jana. "Mimi sijasema neno," nikamwambia. "Na zile pasipoti mbili nyingine nilizoziona humo kabatini ni za nani?"

"Za walimu wengine. Wa Malawi."

"Nao wana mama zao. Wape, tusije tukarudi na maharage mengine."

Akawapa. Mpishi akarudi jikoni, na wali siku hiyo ulichelewa kidogo tu.

Ijumaa nilimsindikiza mwalimu ofisini. Niliambiwa nikae nje, nikakaa, safari hii kwenye benchi. Alitoka macho mekundu lakini amenyooka. Wamemwandika maelezo. Kwa kuwa alikuja mwenyewe na hakusema uongo, hawakumpiga marufuku. Ila atoke, na shule inayomtaka imwombee kibali yeye akiwa kwao, asikanyage darasani kabla hakijatoka. Mkurugenzi naye aliitwa. Walichomwambia sikukifuatilia, nina nyumba ya kuangalia.

Nikampeleka mpakani, tukapita kwenye foleni ya malori, godoro kichwani kwake na begi kichwani kwangu. Chumba chake sikukipangisha. Watu waliuliza, nikasema kina panya.

Miezi ile ya kungoja, kila nilipokwenda kununua sabuni nilipita kwao na mjukuu wangu. Mtoto anasomeshwa barazani, mimi na mama yake mwalimu tunamenya karanga. Mama yule ni mwema ila anaongea sana. Ugali wao nimeshauzoea, ingawa bado nasema ni uji uliosimama.

Kazi mpya aliitafuta yule mama wa Ihanda. Kwao kuna shule ya masista iliyokuwa haina mwalimu wa Kiingereza, akawaeleza aliyoyaona siku ya maharage. Sista mkuu akamtumia mwalimu ujumbe mfupi: tuma nakala, vyeti halisi baki navyo, na usije mpaka karatasi zitoke. Nilipousikia nikasema huyo ndiye mwajiri, hata kama sijamwona anakula.

Karatasi zilitoka. Mwaka mpya ulipoanza, mwalimu alivuka mchana kweupe, akapita getini kama mtu, akaja moja kwa moja kwangu kabla ya kwenda Ihanda. Nikazitaka nizione. Nikazigeuza, nikazielekeza kwenye mwanga kama anayenunua kitenge. Picha yake ipo, muhuri upo. Mjukuu wangu akanisomea yote, moja ya kazi, moja ya ukaazi, hakukwama hata kwenye maneno marefu. Mwalimu alimsikiliza kajishika shavu. Safari hii nikasema. Nikamwambia, "Umemfundisha vizuri." Basi, imetosha.

Halafu nikanyoosha mkono. "Lete nikuwekee kwenye sanduku langu, pamoja na hati ya kiwanja. Humo hata panya hafiki."

Akazikunja polepole, akaziweka kwenye bahasha, bahasha akaitia ndani ya begi, begi akalivaa mgongoni palepale alipokaa.

"Hapana, bamayo," akasema. "Hizi zinakaa kwangu."

Nilikasirika kidogo. Sanduku langu halijawahi kukataliwa, hata marehemu mume wangu alikuwa anaweka vitu vyake humo. Nikamtazama na lile begi mgongoni ndani ya nyumba, kama mtoto wa shule anayeogopa kuchelewa. Nikaona yuko sawa kabisa.

"Nawa mikono," nikamwambia. "Ugali unapoa."

Akanawa. Akala na begi lake mgongoni, na mboga akamwachia mtoto.