Vipimo Vilivyomwagika

Kompyuta ile bado ninayo, na kila nikiifungua huifunga tena upesi.

Mjomba wangu alikuwa na mashine ya kusaga unga kule mtaa wa Ngagara. Kila asubuhi aliegemeza ncha ya bisibisi kwenye beringi inayoshika mhimili wake, mpini sikioni, akasikiliza. Siku moja alikunja uso.

"Inalia hii. Mi nataka kuisimamisha kwanza."

Mimi, mwanafunzi wa uhandisi mwenye kiburi cha kunuka, nikamwambia asubiri nipime.

Niliazima chuoni kifaa kinachopima mtikisiko mara maelfu kwa sekunde. Kifaa hakikuwa na kosa. Kumbukumbu yake ni ndogo tu, na kompyuta lazima ije kuchota vipimo kabla haijajaa. Lakini kompyuta haina bwana mmoja. Mfumo wake wa uendeshaji huzipanga kazi zote foleni, na zamu ya kifaa ikichelewa kidogo tu, vipimo vinamwagika na havirudi. Haya nilikuwa nimeyajibu vizuri kwenye mtihani.

Na bado nilifanya uchafu ule. Nilikuwa katibu wa kamati ya harusi ya binamu yangu, na nyumbani umeme ulikuwa umekatika. Pale kwenye mashine ulikuwepo. Nikachomeka printa, nikaanza kuchapa kadi za mwaliko, maua ya dhahabu na mapicha mazito, kwa kompyuta ileile iliyokuwa ikipima. Onyo likatokea kwamba vipimo vinapotea. Nikalifunga kama ninayefukuza nzi. Programu ikaziba mapengo kwa mistari iliyonyooka, mchoro ukatoka laini, mzuri, wa uongo mtupu.

"Beringi ni nzima, mjomba. Saga tu."

"Kweli, mwana? Sikio yangu ndiyo inanidanganya?"

"Kompyuta haiwezi kudanganya."

Siku ya tatu beringi ilipasuka, mkanda ukaruka, ukaondoka na vidole viwili vya mkono wa kulia wa mjomba.

Baadaye niliufungua tena ule mchoro. Karibu nusu yake haikuwa vipimo. Mashine ilipokuwa ikilia, mimi nilikuwa nachapa maua. Nilijichukia, na mpaka leo najichukia.

Mjomba hakunitukana. Alikuja harusini, kadi niliyoichapa mfukoni, mkono wa kulia umefungwa bendeji. Akanipa wa kushoto, kisha akaniomba radhi kwa kunisalimia kwa mkono huo.